Chanjo ya farasi: jinsi ya kupunguza uvimbe na maumivu ya sindano

Msimu wa chanjo ukianza, simu yangu hulia saa kumi na mbili unusu asubuhi, siku moja baada ya daktari kupita. Anayepiga ni saisi, yaani mtunza farasi, leo wa Karen, kesho wa Limuru au Naivasha, lakini habari ni ileile. "Mzee, huyu jike tangu jana hali. Amesimama tu, shingo haigeuki." Namuuliza alidungwa wapi. "Shingoni." Upande gani? Kimya. Sindano ngapi? "Kama tatu hivi."

Nimeshajibu swali hilo mara nyingi mno, ndiyo maana nimeamua kuliandika.

Sehemu ya uvimbe huo inatoka kwenye chanjo yenyewe. Chanjo nyingi, kama ile ya pepopunda na ile ya mafua ya farasi, zina kiambata kilichowekwa makusudi ili kuichokoza kinga ya mwili pale sindano ilipoingia, na msuli lazima utauma kidogo. Hiyo huwezi kuiondoa. Sehemu nyingine tunaileta wenyewe: sindano mahali pabaya, sindano butu, chanjo iliyotoka kwenye barafu sasa hivi, chanjo tatu upande mmoja, kisha farasi anafungiwa bandani mpaka kesho. Hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Ujue kwanza cha kawaida ni kipi. Uvimbe mdogo, shingo kukaza, joto kupanda kiasi, uvivu na hamu ya chakula kupungua ni mambo ya siku moja au mbili. Yakipita saa 48, au yakizidi badala ya kupungua, mwite daktari. Na usimwambie mwenye farasi aache kuchanja kwa sababu ya uvimbe. Jina letu la pepopunda lina punda ndani yake, na kweli farasi na punda hushikwa na ugonjwa huo kirahisi kuliko mifugo mingi. Kidonda kidogo cha msumari kwenye ukwato kinatosha.

Jambo moja kabla ya kuendelea: chanjo ni kazi ya daktari wa mifugo au mtu aliye chini ya usimamizi wake. Nimeandika kana kwamba wewe ndiye unayedunga, kwa kuwa maparaveti, wasaidizi wa daktari wa mifugo, wanaoanza kazi huniuliza hivyo. Kama kazi yako ni kumshika farasi, soma hatua zote pia. Wewe ndiwe utakayebaki naye gari la daktari likishaondoka.

Vitu vya kuwa navyo

- Kipimajoto. Kifunge uzi wenye kibanio ukibane kwenye singa za mkia, la sivyo siku moja utakitafuta kwenye mavi.
- Sindano mpya kwa kila farasi na kwa kila chanjo, geji (kipimo cha unene wa sindano) 18 hadi 20. Farasi mkubwa anahitaji urefu wa inchi moja na nusu, mtoto wa farasi inchi moja.
- Mabomba mapya ya sindano, bado yako kwenye karatasi zake.
- Kisanduku cha baridi kinachoshika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi.
- Pamba safi na spiriti.
- Kopo gumu lenye kifuniko la kutupia sindano zilizotumika.
- Mtu wa kumshika farasi anayefahamika na farasi huyo.
- Adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, na mtu anayejua kipimo chake. Kama vitu hivyo viwili havipo zizini, ahirisha.
- Daftari na kalamu.

Hatua

1. Chagua siku. Usichanje ndani ya wiki mbili kabla ya mbio, mashindano ya kuruka au safari ndefu ya lori. Usichanje farasi aliyetoka kukimbizwa vikali jana. Mimi napenda Jumatatu au Jumanne asubuhi, kwa sababu tatizo likitokea kesho yake daktari yuko kazini. Wanaochanja Jumamosi jioni ndio wanaonipigia simu Jumapili wakati daktari hapatikani.

2. Pima joto asubuhi hiyohiyo. Farasi mkubwa akiwa ametulia huwa kati ya nyuzi 37.2 na 38.3 hivi. Akipita 38.5, usimchanje. Tazama pia pua kama inatoa makamasi, macho, mavi ya usiku, na kama amemaliza chakula chake. Farasi anayeanza kuugua akichanjwa, utapata magonjwa mawili usiyoweza kuyatenganisha. Andika hilo joto, maana kesho utalihitaji kulinganisha.

3. Gawa chanjo. Hapa ndipo naona makosa mengi zaidi. Daktari anatoka mbali, mwenye farasi anataka kulipa safari moja, basi pepopunda, mafua na kichaa cha mbwa vyote vinaingia siku moja, na kwa kuwa ukuta uko kulia vyote vinaingia kushoto. Farasi wengine huvumilia. Mwenye historia ya kuvimba, mpe chanjo moja kwa safari moja, na uache wiki tatu au nne kabla ya nyingine. Zikilazimika mbili kwa siku moja, kila moja iwe na upande wake. Msogeze farasi kutoka kwenye ukuta, haichukui dakika.

Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ule unaoenezwa na usubi, ina taratibu zake. Ile inayotoka Onderstepoort, Afrika Kusini, ni chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa. Huja katika vichupa viwili vyenye aina tofauti za virusi, na vichupa hivyo havitolewi pamoja: kati yao huachwa wiki tatu au zaidi. Kwa chanjo hii joto linaweza kupanda baada ya siku kadhaa, hata katika wiki ya pili, wakati wewe umeshasahau kwamba alichanjwa. Usiichanganye na chanjo nyingine siku moja bila ruhusa ya daktari. Kama jike ana mimba, daktari ajue kabla kichupa hakijafunguliwa.

4. Iandae chanjo. Iache kwenye kisanduku mpaka farasi ameshikwa na pamesafishwa. Kisha itoe, ivute kwenye bomba, na ulishike bomba kiganjani dakika mbili tatu. Dawa baridi sana ikiingia kwenye msuli, farasi anaruka, na akiruka sindano inachana nyama. Lakini usiiweke juani, wala mfukoni tangu asubuhi, wala mbele ya kioo cha gari.

Kama karatasi inasema itikise, tikisa taratibu mpaka mashapo ya chini yachanganyike. Chanjo ya pepopunda au mafua iliyoganda barafu itupe hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima: kiambata chake kimeshaharibika, haitakinga vizuri na inaweza kuvimbisha zaidi. Sindano iliyotoboa mpira wa kichupa imeshapoteza makali, basi vutia dawa kwa sindano moja, dungia kwa nyingine. Na usichanganye chanjo mbili ndani ya bomba moja eti kumpunguzia farasi kudungwa.

5. Tafuta pembetatu ya shingo. Simama ubavuni, penye bega. Weka ukingo wa kiganja chako mbele ya mfupa wa bega. Upana wa kiganja kimoja mbele ya mfupa huo ndio mpaka wa nyuma. Sasa papasa juu, chini ya singa. Utahisi kitu kigumu kama kamba nene, hicho ni kano kubwa ya shingo, na juu yake ni mafuta tu. Shuka chini yake upana wa kiganja. Kisha papasa kutoka chini ukipanda, utakutana na vifundo vya uti wa shingo, ambavyo havipiti katikati ya shingo kama watu wanavyodhani. Karibu na bega vimeshuka chini, kuelekea kichwani vinapanda. Kati ya kano, uti na bega inabaki nyama yenye umbo la pembetatu. Dunga katikati yake.

Juu mno, chanjo inakwama kwenye mafuta na kano, na uvimbe hauishi upesi. Chini mno, unagonga mfupa, au unakaribia mshipa mkubwa wa damu unaopita kwenye mfereji wa shingo.

Usidunge kalioni, juu ya nyonga. Najua ni msuli mkubwa na farasi hakuoni. Lakini pakitunga usaha huko hauna njia ya kutokea, unashuka ndani kwa ndani, na jipu la hapo ni kazi ya miezi. Shingo isipofaa, daktari anaweza kutumia msuli wa nyuma ya paja, ambako usaha hushuka wenyewe, ingawa hapo mdungaji anajiweka mbele ya teke. Kifuani pia panawezekana. Panavimba waziwazi, lakini panakauka upesi.

6. Safisha. Ondoa matope na vumbi kwa brashi, kisha pangusa kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke nyeupe, halafu subiri pakauke. Watu wengi hawasubiri. Spiriti mbichi inayoingia na sindano inawasha, na inaweza kuua chanjo ya virusi hai. Kama farasi amelowa mvua na matope ya Limuru yale mekundu, mkaushe kwanza au rudi kesho.

7. Mtulize. Mshikaji na mdungaji wasimame upande mmoja, ili farasi akiruka arukie upande usio na mtu. Kamba ishikwe mkononi, isifungwe kwenye nguzo. Kichwa kiinamishwe kidogo na kigeuzwe kidogo kuelekea kwa mdungaji, hapo msuli wa upande huo unalegea. Msuli uliokaza unauma mara mbili, na farasi aliyeinua kichwa kama twiga ameukaza wote. Mpe muda ashushe pumzi. Mara nyingi dakika moja ya kumkuna begani inatosha.

8. Dunga. Bana mkunjo wa ngozi pembeni ya mahali ulipochagua, uushike sekunde chache, kisha ingiza sindano moja kwa moja mpaka shina, kwa mkono mmoja wenye uhakika. Kuisukuma polepole ndiko kunakoumiza. Vuta kijiti cha bomba nyuma kidogo. Damu ikiingia, toa yote, weka sindano mpya, chagua mahali pengine. Isipoingia, sukuma dawa kwa mwendo mmoja usio wa haraka, toa, bana pamba juu yake kidogo. Farasi akisogea, sogea naye mkono ukiwa umeegemea shingo yake.

Chanjo nyingine hazitaki msuli kabisa, huingia chini ya ngozi tu. Soma karatasi ya kila kichupa, hata kama ni kilekile cha mwaka jana.

9. Kaa naye nusu saa. Mzio mbaya huanza ndani ya dakika chache. Usimrudishe bandani ukaenda kunywa chai. Fagia hapo karibu ukimtazama pumzi, jasho na miguu.

10. Mtembeze. Jioni hiyo na kesho asubuhi, dakika kumi hadi kumi na tano kwa kamba, mwendo wa kawaida. Au mwachie uwanjani ale majani. Msuli ukitembea damu inapita na uvimbe unatawanyika. Farasi aliyefungiwa bandani usiku kucha ndiye anayeamka shingo kama ubao. Kazi nzito isubiri siku mbili tatu. Kwa chanjo ya virusi hai, wiki mbili au tatu, au jinsi karatasi na daktari watakavyosema.

11. Inua chakula na maji. Hili nililijifunza kwa aibu. Nilikuwa na jike mmoja wa kijivu, amechanjwa jana yake, asubuhi ndoo ya maji imejaa vilevile na nyasi hazijaguswa. Joto 38.4. Nikajua ni maumivu ya tumbo, nikaanza kumzungusha nikisubiri daktari apokee simu. Mwenye farasi akaja, mama mtu mzima, akatazama, hakusema neno. Akaiokota ile ndoo sakafuni, akaiegemeza juu ya nusu mlango, sawa na kifua cha farasi. Jike akanywa mpaka tukasikia ndoo ikikwaruza. Hakuwa na tumbo. Shingo ilikuwa inamuuma, hakuweza kuishusha mpaka chini.

Tangu siku hiyo, usiku wa chanjo nakata robota la nyasi na kulitia kwenye wavu usawa wa kifua, na ndoo naitundika. Ni hatua ndogo kuliko zote hapa, lakini farasi asipokunywa siku nzima tumbo la kweli linaweza kufuata. Pumba laini iliyolowekwa inasaidia kwa anayekula kwa kujivuta.

12. Andika. Tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo iliyo kwenye kichupa, upande, na aliyedunga. Kesho ongeza joto na ukubwa wa uvimbe. Daktari akiona mara mbili mfululizo kwamba farasi huyu anavimba kwa aina fulani, anaweza kubadilisha aina au kuzigawa zaidi. Bila daftari atabahatisha tu.

Kuhusu dawa za maumivu

Naulizwa sana kama farasi apewe dawa ya maumivu kabla. Kwa yule anayeteseka kila mwaka, daktari anaweza kuamua apewe dozi ya mdomoni siku ya chanjo. Si ya kila farasi, wala si uamuzi wa saisi. Ikiwa ana mashindano karibuni, dawa hiyo inaweza kuonekana kwenye vipimo. Na fluniksini, mojawapo ya dawa hizo za maumivu, usiidunge kwenye msuli hata siku moja, hata kama mtu ameifanya miaka kumi bila tatizo. Sababu utaiona hapa chini, penye ngozi inayokwaruza.

Mambo yakienda kombo

*Uvimbe kama yai, una joto kidogo, lakini anakula.* Siku ya kwanza weka kitambaa cha maji baridi dakika kumi na tano, mara tatu au nne. Kuanzia siku ya pili tumia maji ya uvuguvugu. Endelea kumtembeza. Usipasugue kwa nguvu.

*Siku ya tatu uvimbe unakua, una moto, katikati umelainika.* Hilo linaelekea kuwa jipu. Usilitoboe kwa wembe wala kwa sindano. Daktari atalipasua likishaiva, na atajua litokee upande gani.

*Uvimbe unaenea haraka, farasi ana homa na maumivu makali, na ukibonyeza ngozi inakwaruza kama karatasi ya nailoni.* Hiyo ni hewa chini ya ngozi. Kuna bakteria waliomo kwenye udongo na mavi ambao mbegu zao zikiingia na sindano huoza nyama wakitoa gesi. Huweza kuanza ndani ya saa chache mpaka siku tatu baada ya sindano, na dawa zinazouchubua msuli, kama fluniksini, ndizo zinazojulikana zaidi kwa kuleta balaa hili. Usingoje asubuhi. Ni suala la saa, na farasi wengi hufa.

*Mwili umetoka vivimbe bapa kama ameumwa na nyuki.* Ni mzio. Mpigie daktari hata kama farasi anakula vizuri. Andika kwa wino mwekundu kwenye daftari, maana mara nyingine inaweza kuwa mbaya zaidi.

*Dakika chache baada ya sindano anahema, anatoka jasho, anayumba au anaanguka.* Huyu anahitaji adrenalini wakati huo. Watu wote watoke bandani isipokuwa anayemtibu; farasi anayeanguka hachagui pa kuangukia.

*Miguu yote minne imevimba wiki mbili hadi nne baadaye, na ndani ya midomo kuna madoa mekundu.* Ni nadra, na hutajwa zaidi baada ya ugonjwa wa matezi ya farasi au chanjo yake. Mishipa ya damu inavuja. Daktari siku hiyohiyo.

*Ni punda, si farasi.* Hatua ni zilezile, ila punda haonyeshi maumivu mapema. Akiwa ameacha kula tu, hesabu kwamba anaumwa sana. Shingo yake pia ina mafuta mengi juu, basi shuka chini zaidi ya kano kabla ya kudunga.

*Sasa hataki kuona sindano kabisa.* Usimpige, na usimfungie kwenye kona. Kwa wiki kadhaa, kila siku baada ya kumpiga brashi, bana ngozi ya shingo palepale, gusa kwa kifuniko cha kalamu, mpe kipande cha karoti, ondoka. Fanya hivyo pande zote mbili. Mwambie daktari akija asivae koti lake jeupe, na bomba lishikwe mgongoni mpaka dakika ya mwisho. Yule jike wa kijivu alinichukua siku arobaini na karoti nyingi sana, na mpaka leo akisikia gari la daktari langoni hugeuza makalio mlangoni kwanza.